Kilo Ishirini na Tatu

Ndege inabeba kilo ishirini na tatu, Nurdane,
nami nimekukusanyia kwa miaka ishirini na tatu.
Sikupanga zifanane. Zimefanana zenyewe,
ila moja haiingii ndani ya nyingine.

Nilianza ungali unatambaa: taulo sita,
hadi leo zina karatasi ya duka.
Kisha shuka. Kisha lesi niliyoifuma
msimu ule wa theluji ulipougua surua,
kulabu ikienda mbio usiku kucha
na pumzi zako zikinihesabia mishono.
Ulipokohoa, nilikosea. Tazama pembeni:
ua moja lina petali saba, wenzake sita.

Leo baba yako ameitoa mizani bafuni
akaiweka katikati ya zulia kama mgeni rasmi.
Mfarishi wa sufu: kilo sita na robo.
Sufu ya kondoo wa babu yako kule Develi,
niliiosha mtoni hadi vidole vikafa ganzi.
"Mama, Rotterdam nyumba zina joto,
mabomba yamepita ukutani."
Ukutani! Nani amewahi kujifunika ukuta?

Sufuria ya shaba: kilo tatu, bila kifuniko.
Shangazi Zekiye akauliza kutoka kochini
kama jiko la Tuncay litaikubali shaba.
Halikubali. Siku hizi jiko ndilo linalochagua.

Bilauri za chai, kumi na mbili na visahani vyake:
tukatoa sita, tukarudisha nne, tukatoa tena.
"Tuko wawili tu," wasema.
Na wageni?
"Wageni hupiga simu kwanza."
Nikanyamaza. Mji ambao mgeni hupiga simu kwanza
bilauri mbili zinautosha.

Baba yako kutwa nzima alisema neno moja: "Punguza."
Nikapunguza, kama anayemnyonyoa kuku aliyemlea.
Rundo la kubaki likapanda hadi dirishani,
nawe ukalipapasa, ukasema, si kwa ubaya,
"Zitumie wewe."

Mimi? Mimi nina sanduku langu, mwanangu.
Mama yangu alilijaza, akanionya: "Ni za siku maalumu."
Nimeolewa mwaka wa thelathini na moja huu.
Siku maalumu zilikuja, nilizifungulia mlango,
ila vitambaa niliviona vizuri mno kwa siku zenyewe.

Usiku tukafunga begi: taulo mbili,
bilauri mbili ndani ya soksi za Tuncay,
lesi yenye ua lililokosewa.
Ishirini na mbili, na gramu mia nane.
Baba yako akatoka, akarudi na bisibisi yake,
ile ya mpini wa njano, akaipenyeza katikati ya taulo.
"Kila nyumba kuna kitu hulegea," akasema,
akaenda kulala kabla hujamshukuru.

Sasa ni Jumanne. Si sikukuu. Hakuna ajaye.
Nimetandika kitambaa cha mama yangu mezani;
mikunjo yake imegoma kunyooka.
Baba yako amesimama mlangoni, kijiko mkononi:
"Nani anakuja?"
Nikamwambia aketi.

Supu ya dengu. Tone likadondoka
karibu kabisa na waridi la kwanza.
Tukalitazama sote wawili.
Nikanyoosha mkono kuchukua kitambaa cha kufutia,
nikachukua mkate.