Buluu

Mgodi ulipokufa, mhandisi alifungasha
akamwachia baba vitu vitatu: koti la mvua,
kikaango kisicho na mpini, na picha ya mto.
Si mto wetu. Mto uliolala chali,
umejaa vipande vya barafu kama sahani
zilizovunjwa na mtu ambaye hasira zimemwisha
na sasa anazitazama tu.
Miti bila jani hata moja. Ukungu. Na jua dogo,
rangi ya kiini cha yai la kienyeji.

"Aliyechora hii hakumaliza kazi," alisema mama.
Na kweli, ukiisogelea, mto haupo:
kuna madoa, kuna mikwaruzo, kuna rangi
iliyobandikwa mbiombio kama udongo kwenye fito.
Rudi nyuma. Rudi tena. Chumba chetu
cha kambi ya Kilembe kilikuwa hatua nne,
basi mto ulianza kuonekana ukiwa mlangoni,
na kutiririka, ulitiririka ukiwa uani,
kati ya sufuria na bata.
Mama hakuwa na muda wa kutoka nje
kwa ajili ya picha.

Kabla ya shaba, baba alipanda Rwenzori
akibeba mizigo ya wageni.
Tulimuuliza: theluji ni nyeupe kama nini?
Kama unga? Kama pamba?
"Theluji si nyeupe.
Asubuhi ni waridi. Adhuhuri inakuchoma macho,
huioni. Jioni, penye kivuli, ni buluu,
buluu kabisa, kama alivyoiona huyu."
Na kidole chake, kile chenye kucha nzima,
kikagusa kivuli cha mti juu ya barafu.

Mama alikuwa akisuuza mashati ya shule.
Akainua mkono kutoka kwenye karai,
maji yakidondoka na buluu ya kufulia,
ile ya kidonge kilichofungwa kitambaani.
"Kumbe," akasema. "Kumbe naye alijua.
Cheupe hakiwi cheupe mpaka ukitie buluu."
Hakusema tena kwamba kazi haikuisha.

Kisha Nyamwamba. Usiku mmoja wa Mei
mto wetu, ambao haujui kulala chali,
ulishuka na mawe makubwa kama ng'ombe
ukaingia bila hodi.
Tulikesha kilimani na mbuzi wa Ithungu.
Asubuhi tuliikuta picha imekwama dirishani,
kioo kimepasuka, nusu ya chini
imeshika rangi ya tope, na juu ya tope mstari
ulionyooka kuliko wowote wa mchoraji.
Mto ulikuwa umeingia ndani ya mto.

Baba hakuwepo kuyaona hayo; mwaka wa tatu kaburini.
Mama aliisuuza kwa ncha za vidole,
karatasi ikimlegea kama ngozi ya maziwa,
akaianika kambani kwa vibanio viwili
kati ya shati langu na shuka.
Wapandao huko juu wanasema
barafu ya mlima imebaki kidogo,
kipande cha sabuni kilichosahauliwa juu ya jiwe.

Ng'ambo ya barabara Mbusa, mtoto wa jirani,
akapiga kelele: "Mama Kabugho,
kamba yako ina mto!"

Mama akafuta mikono. Akarudi nyuma hatua nne,
halafu ya tano, ile ambayo chumba
hakikuwahi kumpa.
Akamkanyaga bata. Bata akalalamika.
Mama hakugeuka.