Tangi la Tisa

Kirunda hunipigia saa tano za usiku
akishamaliza kusugua ukingo wa bwawa lao la chumvi,
huko Ghuba alikokwenda kwa mkataba wa miaka miwili.
Leo kanigeuzia simu nimwone pomboo:
mgongo kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu,
kovu la wavu limemzunguka shingo.
"Leo wamekuja watu elfu mbili," anasema.
"Tiketi zao ndizo zilizonunua boti ya uokoaji,
ndizo zinazomlipa daktari anayehesabu nyangumi
kwa kusikiliza sauti zao vilindini."
Kisha, taratibu: "Lakini dada, huyu
huzunguka upande mmoja tu.
Kushoto. Kushoto. Kushoto."

Mimi niko Jinja, chumba cha nyuma cha kituo cha samaki:
matangi kumi na manne, ndoo tatu,
kandambili moja iliyokatika ukanda.
Tangi la tisa lina nkejje kumi na mmoja.
Kwingine, kwa tujuavyo, wa aina yao hawapo.

Sangara aliletwa ziwani kabla sijazaliwa.
Akala, akanenepa,
akapanda ndege akiwa minofu mitupu,
akatuachia vichwa na mifupa ya kukaanga.
Nkejje, mama aliwaanika juu ya bati,
akawasaga, akatukorogea kwenye uji
mwaka ule mimi na Kirunda tulipougua surua.
Sasa ninawalisha walionilisha,
kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni,
na hakuna anayekata tiketi kumwona samaki
wa urefu wa kidole, rangi ya chai iliyopoa.

Juma lililopita walikuja wanafunzi, sweta za kijani.
Nangobi akabandika pua kwenye kioo.
"Anaruka?"
Haruki.
"Sasa anafanya nini?"
Nikakosa neno. Nikasema: anabaki.
Akaandika daftarini, *Kazi ya samaki huyu ni kubaki,*
na mwalimu akaipigia mstari mwekundu.

Tunaishi jirani na mabwawa yanayowasha nchi,
na bado umeme hukatika kwetu kama kwingine.
Usiku huu umekatika Kirunda akiwa katikati ya neno.
Pampu zikanyamaza zote pamoja.
Jenereta kavu. Pesa za petroli
zimo katika droo ambayo ufunguo wake uko Kampala.

Nikashika jagi.
Nikachota, nikamwaga kutoka juu, maji yameze hewa.
Nikachota, nikamwaga.
Nilihesabu hadi mia nne, bega likaniambia niache kuhesabu.
"Simamisha simu kwenye kioo," akasema Kirunda,
"nikumulikie."
Akaelekeza ya kwake kwenye taa kubwa za uwanjani,
na mwanga wa bustani ya pomboo
ukaingia tangi la tisa kupitia skrini yenye ufa,
betri asilimia saba.

Ndipo nikamwona yule jike, mashavu yamemvimba.
Siku kumi na mbili hajagusa chakula
nami nilikuwa nimemwandika mgonjwa.
Kumbe amebeba watoto kinywani.
Kufunga kwake ni kuogopa
asije akawameza aliowaficha.

Nikasimama, jagi mkononi.
Kinywa nacho ni tangi, nikawaza.
Nacho hakina dirisha, nacho kina giza.
Ila yeye anaijua siku ya kufungua.
Sisi tuna fomu, tuna mhuri,
tuna ziwa ambalo sangara bado wanalingoja.

"Wangapi?" Kirunda akauliza.
Sijui. Wanaonekana kama vumbi lenye macho.

Nyuma yake kitu kizito kikaanguka majini.
Akageuka. Viti vyote vilikuwa vitupu,
filimbi imening'inia kwenye msumari wake.
"Ameruka," akasema. "Hakuna aliyemwita."

Asilimia tatu.
Nikachota.