Kibaba Kilichorudishwa

Redio ilisema saa mbili: nchi moja imejitoa
katika umoja wa wachimba mafuta.
Haikusema kwa nini. Ilisema "maslahi ya taifa",
kisha bei ya mkonge, kisha mpira.

Shemdoe, ninayelinda naye matangi ya Chongoleani,
matangi ambayo bado matupu,
ukiyagonga yanaitika kama mtu aliyeamshwa,
akaniuliza: "Mtu mzima anatokaje kwenye umoja
unaompandishia bei?"

Nikampa habari za mama.

Barabara ya kumi na saba, Ngamiani.
Wanawake saba, mafuta ya nazi,
na kiapo ukumbini kwa Bi Mwanakheri:
kila mtu chupa kumi kwa wiki, isizidi hata ya dawa.
Soko likiona kidogo, litalipa kingi.
Na kweli likalipa. Mwaka ule nilivaa
viatu vya mguu wangu, si vya kaka.

Kibaba cha kupimia kilikuwa kimoja,
cha bati, kimebonyea ubavuni.
Kilizunguka nyumba kwa nyumba,
na kila kilipofika
kilimkuta mtu anajifuta mikono haraka.

Halafu mama akakopa.
Akachongesha kinu cha chuma kwa fundi wa Chumbageni,
kinu chenye mkono mrefu,
kinachokamua nazi mpaka inakiri.
Chupa kumi kilizimaliza Jumatatu kabla ya adhuhuri.
Siku sita zilizobaki kilisimama uani, kimefunikwa kanga.
Deni halikufunikwa kanga.
Deni lilitembea.

Akaenda kwa Bi Mwanakheri,
mwenye minazi mia tatu Mwambani na kiti cha mbele kikaoni.
"Niongezeeni. Hata tano."
"Subira, mwanangu. Umoja wetu."
Wetu ya watu saba,
ulimi wa mtu mmoja.

Na usiku, mlango wa nyuma wa Mwanamvua,
baiskeli zilitoka bila taa,
madumu yamefungwa kwa kamba ya katani.
Tulijua sote. Tulisalimiana asubuhi.
Aliyetii ndiye aliyekonda.

Akiba haiozi, walisema vikaoni.
Nazi hawakuiuliza. Mafuta yake huchacha.
Tena alizeti ilikuwa inakuja kutoka Singida,
kwenye chupa zinazong'aa, zina lebo,
na maharusi wa Ngamiani walishaanza kusema
mafuta ya nazi yananuka bibi.
Mama akapiga hesabu kwa mkaa ukutani:
nikingoja bei ipande,
siku ikipanda nitamuuzia nani?

"Basi ni tamaa," akasema Shemdoe.

Tamaa ilikuwamo, siwezi kumsafisha mama.
Lakini tamaa peke yake haimwamshi mtu saa kumi usiku
akasikiliza chuma kilicholala uani.

Alhamisi, baada ya alasiri,
alikisugua kibaba kwa majivu na ndimu,
akajitanda buibui, akakipeleka.
Hakugombana. Alisema: "Nimekuja kurudisha."
Bi Mwanakheri akachungulia ndani,
kana kwamba kuna kitu kimebaki.
"Bei ikianguka, utaanguka nayo."
"Najua. Nitaanguka kwa kipimo changu."

Ikaanguka.
Miezi miwili mafuta yaliuzwa kama maji ya mvua.
Wawili waliacha kazi kabisa, mmoja akahamia Pongwe,
na aliyelia kuliko wote msaliti, msaliti
alikuwa Mwanamvua.
Deni mama alililipa, karibu lote.
Kipande cha mwisho nililipa mimi,
kwa mshahara wangu wa kwanza hapa,
wa kulinda mafuta yasiyo yangu
ambayo hayajafika.

Shemdoe alinyamaza. Akagonga tangi kwa kifundo cha kidole,
akasikiliza mpaka mlio ukaisha.
"Na kile kibaba?"

Kiko kwa binti wa Bi Mwanakheri.
Anapimia mchele.
Kila mwezi anakisugua kwa majivu na ndimu,
na bado, anasema, wali wake
unanukia nazi ambayo hakuitia.