Meno ya Kampi ya Moto

Mpiga picha alituambia tucheke.
Darasa la sita, sweta za kijani, vumbi hadi magotini.
Tukafunga midomo, wote thelathini na wanane,
kana kwamba tumeng'ata siri moja
na atakayeitema wa kwanza atachapwa.

Maji yetu hayakuwa na kosa lolote machoni.
Yalitoka mita mia na themanini chini ya ardhi,
maangavu, baridi, hayana harufu, hayana kidudu,
na siku pampu ilipocheua mara ya kwanza
mbuzi alichinjwa, mchungaji akaomba,
mama akajaza mtungi wake wa manjano
akasema, Tumemalizana na mto,
tumemalizana na homa ya matumbo.
Nilikuwa tumboni mwake. Nilikunywa nami.

Alikuwa mtu wa kuchemsha, mama.
Nesi alisema chemsha, naye akachemsha
mpaka sufuria ikaota ukoko mweupe
aliokwangua kwa kijiko kila Jumamosi.
Hakuna aliyemwambia kwamba moto huua mdudu
lakini jiwe haulijui;
kwamba mvuke hupanda peke yake
na kinachobaki chini hubaki kizito zaidi.
Mama, kuni zote zile.

Meno yangu ya utoto yalikuwa punje za mahindi mabichi.
Yaling'oka, nikayarusha juu ya paa
nikidai mapya.
Mapya yakaja na michirizi ya kutu,
kama bati la jikoni kwa Mzee Kiprugut,
ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kupinda
kama inayotaka kukumbatia kitu,
na ng'ombe wake walitafuna majani
kwa vigutu.

Naitwa Gathoni. Kwetu, ni jina la mwenye haya.
Sikulistahili mpaka nilipokwenda Kericho kutafuta kazi
nikajifunza kucheka nyuma ya kiganja.
"Wewe ni wa Nakuru," muuza duka alisema
kabla sijataja jina, kabla sijaomba chumvi,
kama mtu asomaye nambari ya gari.
Nilisugua kwa majivu. Nilisugua kwa limau,
kwa mchanga, kwa mkaa.
Fizi ndizo zilizolia.

Mwaka jana alikuja kijana wa idara ya maji, Kibiwott,
na chupa sita na kalamu ya wino usiofutika.
Akachota, akaandika, akaenda zake.
Jibu likaja kwa simu, fupi kama salamu ya mdeni:
Floraidi. Inayoruhusiwa, moja na nusu.
Yenu, sita nukta mbili.
Nikaisoma kwa sauti barazani kwa chifu.
Mzee Kiprugut akauliza, Kwa hiyo si laana?
Hakuna aliyecheka,
hata nyuma ya kiganja.

Sasa maji hupita katika ndoo ya mkaa wa mifupa,
mifupa ya ng'ombe, iliyochomwa ikawa nyeusi.
Mama Saumu alitaka kujua ng'ombe huyo alichinjwa na nani.
Swali halali; lilijibiwa kwa barua yenye muhuri.
Mimi linaloninyima usingizi ni jingine:
kwamba mfupa wa mfu unakunywa sumu
ili wa mtoto usinywe,
kwamba mkaa nao huchoka, na ndoo haisemi umechoka lini,
na mtu wa kuubadilisha
huja, au haji.

Wangeci ana miaka sita na nusu.
Jana usiku aliniita, mdomo wazi, tochi ya simu mkononi.
Palipokuwa na pengo pamechomoza kitu,
ncha tu, kama punje ya mchele.
Nikainama. Mwanga ukatetemeka.
"Mama, ni jeupe?"

Nikamwambia afungue zaidi.