Mlango wa Kugonga

Aprili, Gdynia, jikoni kwangu.
Kompyuta ya kampuni imekaa juu ya ubao wa kukatia vitunguu,
na kila andiko likija nina sekunde kumi na moja.
Liache. Lifute. Liache. Lifute.
Ofisi imefungwa; kazi imenifuata nyumbani kama paka.

Hapa si serikali, walituambia siku ya mafunzo,
hapa ni nyumba ya mtu,
na mwenye nyumba ndiye asemaye
nani avue viatu na nani asivuke kizingiti.
Sawa. Lakini mji mzima umehamia humo:
shule imo, misa imo, mazishi yamo,
shangazi Wiesława anauzia humo jibini lake,
na huko nje, kwenye barabara iliyofagiwa na karantini,
hakuna aliyebaki wa kumsikia mtu akipaza sauti.

Jumanne likaja andiko lenye picha ya sufuria:
"Chemsha spiriti na kitunguu saumu, jifunike shuka,
vuta mvuke mpaka machozi yatoke. Virusi havihimili."
Watu mia tisa walikwisha kulisambaza.
Jina chini yake: Zdzisław Kurpiel, Elbląg.
Baba yangu.

Sekunde tisa niliitazama picha yake,
ile ya harusi ya dada, tai imepinda.
Ya kumi nikamkumbuka jirani yake Wieńczysław,
aliyelazwa wiki iliyopita, koo limebabuka.
Ya kumi na moja nikabonyeza.

Jioni akapiga simu. "Wamenikata ulimi, Halszka."
Huyu ni mtu aliyepanga herufi za risasi miaka ishirini na sita,
aliyepitisha vikaratasi vya mgomo ndani ya buti,
mbele ya askari, akichechemea makusudi.
"Zamani mdhibiti alikuwa na ofisi, mwanangu. Ghorofa ya tatu.
Ngazi thelathini na nane, nilizihesabu.
Alikuwa na mafua, alikuwa na mke, alikuwa na mlango.
Niligonga. Nilimtukana usoni.
Alifuta nusu ya ukurasa, lakini alinisikia.
Hawa wa sasa nikawagongee wapi?"

Nilikuwa nakoroga supu.
Nikasema, "Kula, baba. Na mvuke huo uache."

Ningeweza kulala na hilo.
La baba lilikuwa uongo, hata kama yeye hakudanganya,
na uongo wakati wa maradhi hauvai barakoa.

Lisilonilaza ni la usiku wa kuamkia siku hiyo.
Muuguzi wa nyumba ya wazee, mahali hakupataja:
"Glovu zimekwisha. Tunavaa mifuko ya taka.
Wanne wametutoka tangu Ijumaa,
na meneja anasema atakayesema atafute kazi kwingine."
Mashine ilishalipaka rangi ya manjano:
huzua taharuki, chanzo hakijathibitishwa.
Kithibitishwe na nani? Na yule meneja?
Lakini swali hilo nimeliuliza leo.
Usiku ule nilikuwa nasinzia, zimebaki sekunde nne,
na kitufe ni kile kile,
hakina upande wa kweli na upande wa uongo,
hakitoi mlio tofauti.

Nimemtafuta. Akaunti haipo.
Nimeandika ombi andiko lirudishwe;
nimejibiwa baada ya nukta moja, kwa adabu zote:
asante, maoni yako ni muhimu kwetu.

Basi nimeshuka mpaka mlango wa chini, nikapanda nikihesabu.
Ngazi kumi na saba.
Jina langu lipo kwenye kibati, kwa kalamu ya wino, limefifia kidogo.
Mafua ninayo. Mume sina.
Kengele inafanya kazi, nimeijaribu mwenyewe,
kwa kidole hiki hiki.