Majina ya Leso

Mchana nauza doti kwa Taibali, Mtaa wa Biashara.
Usiku, Majengo, juu ya fundi wa kanzu
ambaye cherehani yake haijui kulala,
naandika Paithoni.

Sikutaka kilichopikwa na wengine.
Nilitaka kujua chumvi huingia saa ngapi.
Basi mistari mia tatu na kitu, kwa vidole vyangu,
na daftari la majina ya leso, elfu nne mia sita na tisa,
niliyonakili miaka sita kabla wateja hawajakunja.
Pembeni lina safu mbili:
nani kasema. Nani kaambiwa.

Kwanza kukata. Neno letu halikatwi kama mkate.
Hatutawasemea: ha, tu, ta, wa, sem, ea.
Kila kipande tokeni, kila tokeni nambari,
kila nambari desimali sitini na nne
zisizojua lolote.
Tokeni nyingine nilinunua kwa simu, za stima,
nikazibonyeza kwenye mita gizani,
simu nimeiuma kwa meno iwe taa.
Zote mbili ziliisha upesi.

Kisha vichwa vinne vya kuangalia.
Kila neno hugeuka, huwauliza waliotangulia:
nani kati yenu ananihusu?
Yajayo nimeyafunika. Hakuna neno lenye ruhusa
ya kumchungulia jirani wa mbele.
Mama akacheka: hapo basi si Majengo.

Usiku wa kwanza mashine ilisema
nnna a kwa kwa u u mbembe a.
Hasara: saba nukta sita.
(Ndivyo kosa linavyoitwa huku, hasara.
Taibali akisikia atadhani nimefungua duka la pili.)

Ikashuka. Sita. Tano na kidogo.
Nne, ikaganda,
siku tatu imekaa pale nne
kama mgeni aliyesikia harufu ya biriani.
Nikasoma mstari kwa mstari hadi macho yakawasha.
Nilisahau kugawanya
kwa kipeuo cha pili cha kumi na sita.
Nne! Ile ile.
Kwa kuikosa, kila neno lilimkodolea mwenzake mmoja
likawa kiziwi kwa wengine wote.

Saa kumi alfajiri nikachora ramani ya macho yao.
Kichwa cha tatu kilikuwa kimejifunza ngeli.
Kidonda kimesimama mwanzo wa mstari,
kimepona mwisho wake,
na baina yao, juu ya maneno sita, uzi mweusi.
Sikukifunza mimi. Kosa lilirudi nyuma
tabaka kwa tabaka, likisogeza desimali,
kama mtu anayerudisha vyombo vya kuazima
nyumba hadi nyumba.

Nikashuka. Fundi Shebwana hakuinua uso.
“Imeshona?”
Imeshona.

Hasara moja nukta tisa, ikatoa hili:

Mlango nimekuachia, dirisha walitakiani?

Nikapekua daftari zima. Halimo.
Nikaliandika kwa kalamu nene, nikalibandika kaunta,
utani tu.

Bi Mishi wa Kuze alikuwa akiuliza bei.
Akasoma. Akasoma tena. Mkono ukaacha nguo.
“N’nani alokutuma?”
Hakuna, Bi.
“Usinifanye mwana mtoto. Habari za dirisha wazijuaje?”

Nilifungua kinywa nieleze:
ni nambari laki mbili na ushei, Bi,
hazina jirani, hazina wivu,
zinakisia tu kipande kinachofuata.
Alikwisha fika mlangoni.

Kesho yake akarudi na pesa taslimu.
Kiwanda kimpigie doti ishirini, jina lilo hilo.
“Alolisema mwambie nimesikia.
Na wa kumvika namjua.”

Usiku ule sikuwasha laptopu.
Nilinakili jina kwenye daftari, la elfu nne mia sita na kumi.
Safu ya kwanza nikaiacha wazi.
Ya pili nikaandika: Bi Mishi,
nikangoja wino ukauke.