Claudia wa Zamu ya Jioni

Saa nane mchana, ghorofa ya tatu, Shkodra:
Drita anavua koti, anavua na jina.
Mpaka saa nne usiku yeye ni Claudia wa Milano,
mji ambao hajautia mguu.

Kiitaliano chake alikiokota sakafuni,
kwenye katuni za televisheni ya jirani,
antena imefungwa kwa waya wa kuanikia nguo.
Hakuna aliyekilipia ada.
Sasa kinauzwa kwa saa, kama baiskeli ya kukodi.

Kazi hii ilikuwa Torino. Viti mia mbili.
Kimoja, karibu na dirisha, cha mtu aitwaye Ornella,
mwenye mmea ndani ya kopo la kahawa.
Wakubwa wakapiga hesabu, wakatoa, wakagawanya,
viti vikavuka bahari.
Ornella akarudi nyumbani amekumbatia kopo.
Katika mafaili ya zamani jina lake bado lipo,
na mahali fulani ameandika:
mteja huyu ana upweke, usimharakishe.

"Mshahara wetu wa mwezi," hutania Besnik,
"kule ni kodi ya kulaza gari."

Pembeni ya skrini kuna kidirisha cha hali ya hewa ya Milano.
Mteja akiuliza, jibu: manyunyu.
Hapa jua linapasua lami.

Ulimi hauna mfupa, walisema wahenga;
hawakujua kwamba hauna na pasipoti.
Mama yake aliingoja viza miaka minne
ili akaoshe mgongo wa mzee mmoja Bergamo.
Sauti ya Drita huvuka mara mia kwa zamu
na hakuna ofisa aliyewahi kuigongea muhuri.

Mashine ndiyo inayochagua namba. Haina ndugu.
Saa mbili kasorobo, simu ya sabini na moja:
"Pronto?"

Drita anaishika meza.
Taa nyekundu inawaka: mazungumzo yanarekodiwa.
"Habari za jioni, bibi. Naitwa Claudia.
Ningependa kuzungumza nawe kuhusu bili yako ya umeme."

Kimya. Bomba la maji linafungwa.
Mzee anakohoa chumba cha pili.

"Claudia," inasema sauti, kwa Kiitaliano cha kuungaunga,
"umeshakula?"

"Bei yetu ni nafuu, bibi."

"Kula kwanza, Claudia.
Halafu uniambie bei."